Mwanagenzi kampima fundi mkongwe kwa saa, karakana nzima imenuna

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni msimamizi wa karakana ya kampuni ya utalii hapa Arusha. Magari yetu karibu yote ni Land Cruiser za safari. Yanarudi kutoka mbugani, tunayakagua, tunayatengeneza, yanaondoka tena. Kuanzia Juni hadi Oktoba wageni wanapojaa, gari linaweza kuingia magharibi na likatakiwa alfajiri liwe limeshajazwa mafuta linasubiri wageni hotelini. Wakati huo hakuna anayelala vizuri.

Mwaka huu bosi alikwenda kwenye semina ya Kaizen, ile falsafa ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, akarudi amewaka moto. Akasema wanagenzi watatu tuliopokea kutoka chuoni wasiishie kushika tochi na kuosha vipuri. Waongoze maboresho. Akanunua ubao mweupe, akamleta mchoraji akapaka ukutani zile S tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kisha akatoa amri kwamba kila mwanagenzi alete mawazo kumi kwa mwezi, na wazo bora lipewe shilingi 20,000.

Wawili wakaandika vya kujaza namba: inunuliwe feni, kuwe na chai ya saa kumi, geti lipakwe rangi. Wa tatu, binti wa mwaka wa pili, aliichukua kazi kwa uzito. Wiki nzima alizunguka na daftari na saa ya simu, anafuata gari moja moja tangu linaingia getini mpaka linatoka, anaandika limesimama wapi na kwa sababu gani. Mwishoni akayaweka ubaoni. Kwa kweli nilishangaa. Nimekaa pale miaka mingi na sikuwahi kuiona kazi yetu imeandikwa hivyo.

Shida ni mistari miwili. Wa kwanza ulionyesha kwamba magari yanayoingia jioni yanasubiri vipuri kwa saa nyingi, kwa sababu ufunguo wa stoo anao mhasibu na saa kumi na moja anaondoka nao. (Tuliibiwa filta na betri siku za nyuma, ndipo ufunguo ukahamia ofisini.) Wa pili ulisomeka hivi: "Springi: fundi anazunguka na gari uani, anarudi kukaza nati upya, dakika 40." Pembeni akaandika jina la fundi wetu wa springi.

Bosi akapita, akaupiga picha ubao wote, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la kampuni ambalo lina madereva, watu wa ofisi, kila mtu. Chini yake akaandika: "Hapa ndipo hela zetu zinapopotelea." Kila mtu akaelewa anasemwa nani.

Huyo fundi sisi tunamwita Mzee tu. Yuko pale tangu kampuni ina magari mawili. Hana cheti, kazi aliijua mtaani kwa kushika spana. Mimi mwenyewe alinifundisha. Tangu siku ile anafika, anafanya kazi, hasemi. Wanagenzi wakimsogelea anawaambia "kaulizeni ubao." Mafundi wengine wamembatiza yule binti "Afande Saa". Binti naye ameniambia anataka arudi chuoni aombe kupelekwa kwingine. Na bosi anasema kama Mzee hataki mabadiliko basi apumzishwe.

Mama, nifute huu mpango wote? Au Mzee ahamishiwe sehemu nyingine ili vijana wapate nafasi? Na hivi kweli mwanagenzi anayelipwa posho ya nauli na chakula anaweza kufundishwa kuongoza watu waliomzidi umri na ujuzi?

Ni mimi,
Msimamizi niliyebanwa katikati, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu.

Hizo dakika 40 umezitaja kwa haraka, nami ndizo zilizonisimamisha. Turudi hapo kabla ya mengine yote.

Springi za majani za nyuma, yaani zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zinashikwa kwenye ekseli na yubolti, bolti zenye umbo la herufi U. Ukifunga springi mpya ukakaza nati gari likiwa bado juu ya jeki, hujamaliza kazi. Nati zinakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, kisha gari linashushwa likae na uzito wake juu ya matairi, zinakazwa tena. Halafu gari likitembea kidogo majani yanakaa mahali pake na nati zinapoteza ule mkazo wa mwanzo, ndipo fundi anayejua kazi anazikaza mara nyingine. Asiporudi, yubolti inalegea, ekseli inapata nafasi ya kusogea, senta bolti inayoyashika majani pamoja inakatika. Sasa fikiria hilo linatokea gari likiwa na wageni sita linateremka kreta ya Ngorongoro, au lipo katikati ya rafu rodi ya kwenda Serengeti ambako barabara inatikisa mpaka meno.

Sijaiona karakana yenu, kwa hiyo muulize Mzee mwenyewe anazunguka uani kufanya nini. Lakini kwa maelezo yako, naona fundi anayefanya jambo ambalo wengi hulikwepa, analifanya usiku, bila kusimamiwa. Mnatakiwa kumshukuru, na badala yake ametolewa nishai mbele ya madereva ambao maisha yao yanategemea nati zake.

Na yule binti hana kosa. Alipewa saa kabla ya kupewa kazi. Saa inaonyesha kwamba gari linazunguka, haionyeshi kwa nini linazunguka. Ungemkalisha na Mzee siku mbili tu kabla ya kumpa daftari, mstari ule ungeandikwa vingine, au usingeandikwa kabisa.

Ule mstari wa ufunguo ndio dhahabu, na mmeupita. Wenzetu wa Toyota wana desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano hivi kabla ya kugusa kitu. Inasimuliwa kuwa ilianza kwa Sakichi Toyoda, yule mvumbuzi wa mitambo ya kufumia nguo, na Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, akaifanya kuwa kazi ya kila siku kiwandani. Ijaribu kwenu. Kwa nini gari lilichelewa kutoka? Springi ilifungwa usiku sana. Kwa nini usiku? Ilikuwa stoo na stoo imefungwa. Kwa nini imefungwa? Ufunguo umeondoka na mhasibu. Kwa nini mhasibu ndiye mwenye ufunguo? Kwa sababu mliibiwa. Na kwa nini mliweza kuibiwa? Hapo ndipo utakuta hakuna daftari la kutolea vifaa lenye saini, au lipo na halijazwi. Umeanza na springi, umeishia mezani kwa ofisi. Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililomgusa Mzee.

W. Edwards Deming, Mmarekani ambaye Wajapani walimsikiliza kabla ya watu wa kwao, alikadiria kutokana na uzoefu wake kwamba asilimia 94 hivi ya matatizo ya kazini ni ya mfumo, na mfumo ni mali ya uongozi. Yanayobaki ndiyo unayoweza kumtafutia mtu. Sisemi karakana yenu ina namba hiyohiyo. Nasema bosi wako aliangalia ubao uliokuwa na tatizo lake na la fundi, akaliona la fundi. Mabosi wengi wangefanya hivyohivyo, maana la fundi halimgharimu kitu.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Mwanagenzi anaweza kuongoza watu waliomzidi? Hapana. Na hapaswi kuombwa. Mwanagenzi anaongoza tatizo. Anakabidhiwa tatizo moja lenye mipaka, analifuatilia kuliko mtu mwingine yeyote, analijua vizuri kuliko wote, anawauliza wenye ujuzi, anapendekeza jaribio, anapima kilichotokea. Watu wanaongozwa na wewe. Bosi alipomwambia "ongoza" alimpa neno kubwa bila mamlaka yoyote, na mafundi wakasikia kwamba mtoto wa juzi amewekwa juu yao. Ungekuwa wewe usingenuna?

Angalia Waingereza walivyolipanga jambo hili. England waliunda uanagenzi wa maboresho wenye madaraja manne. Ngazi ya 3 ni ya yule anayeshughulikia matatizo ya eneo lake la kazi akiwa na wenzake. Ngazi ya 4 anabeba miradi. Ngazi ya 5 ni mtaalamu anayewasaidia hao wa chini kwa mbinu na takwimu. Ngazi ya 6, ambayo kwa elimu inalingana na shahada, ndiyo ya kiongozi anayepanga maboresho ya taasisi nzima na kuwalea wengine. Binti yenu, kwa kipimo hicho, yuko kwenye mlango wa ngazi ya 3, nanyi mmemtupia mzigo wa ngazi ya 6 na posho ya nauli.

Wala huna haja ya kuvuka bahari kuona mfano. Shuka Moshi, nenda Chekereni, chuo cha kilimo cha KATC kilichokua na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi kwa ushirikiano na Japani. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiwafundisha wakulima wachache wa skimu za mpunga kusawazisha jaruba, kupanda kwa mistari, kutunza maji, kisha mafunzo yanahamia kwenye skimu yao wenyewe na majirani wanajifunza hapohapo. Yule mkulima hapelekwi kusahihisha shamba la mtu. Anaanza na lake, jirani anaona kwenye magunia. Napenda utaratibu ule kwa sababu unampa mjifunzaji kitu cha kuonyesha kabla ya kumpa mdomo wa kusema.

Kwa hiyo mpango usiufute. Ugeuze.

Kwanza ubao. Futa jina la Mzee na majina yote, leo. Ubao wa maboresho unaandika hatua za kazi, vituo, vifaa, muda wa kusubiri. Jina la mtu linaonekana sehemu moja tu, pale anapochukua jukumu la kufuatilia kitu kwa hiari yake. Na picha za ubao zisitoke nje ya karakana. Ile iliyotoka, bosi aiondoe, na pale alipoitupa aseme mwenyewe kwamba alisoma vibaya: dakika za Mzee ni za usalama, tatizo ni stoo. Najua bosi kuomba radhi kwenye WhatsApp ni mlima. Lakini aibu ya hadharani haifutwi kwa kuongea chemba. Akikuita ofisini akakwambia "mwambie Mzee yameisha", mwambie kwa heshima kwamba hayajaisha.

Wewe nenda kwa Mzee peke yako, usiende na binti. Shikamoo yako iwe ya mtu aliyefundishwa na huyo mzee, siyo ya msimamizi. Usimwambie "tunaomba ushirikiano", watu wa ofisi wameshaliua neno hilo. Mwombe kitu halisi: akuonyeshe anavyofunga springi, mwanzo hadi mwisho, na binti aandike.

Na kuandika huko kuna namna yake. Wamarekani, kati ya 1940 na 1945, viwanda vilipojaa watu wapya kwa ajili ya vita, walianzisha mafunzo mafupi ya kazini yaliyoitwa Training Within Industry. Kilichonivutia mimi ni kwamba mafunzo hayo yalilenga wasimamizi, watu kama wewe, wajue kufundisha kazi, kuboresha njia ya kazi na kukaa vizuri na watu. Baada ya vita yalipelekwa Japani, na Toyota ni mmoja wa walioyashika, kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo Kaizen ya bosi ilipitia huko. Karatasi ya kufundishia iliyotokana na mafunzo hayo, kama inavyotumika siku hizi, ina safu tatu tu. Safu ya kwanza ni hatua kubwa za kazi. Ya pili ni mambo ya kushikilia katika kila hatua, yale ambayo ukikosea kazi imeharibika au mtu ameumia. Ya tatu ni sababu ya kila jambo.

Safu ya tatu ndiyo itakayowapatanisha. Mzee atasema "ukishusha gari kaza tena", binti atauliza kwa nini, na hapo Mzee ataanza kuzungumza. Mafundi wakongwe wanachoka kuulizwa "umetumia dakika ngapi", ila kuulizwa "ulijuaje" sijamwona anayekataa. Karatasi ikikamilika, Mzee aisome au asomewe, asahihishe, aidhinishe. Kisha mwanagenzi mwingine, asiye yule binti, afunge springi kwa kuifuata huku Mzee amesimama pembeni kimya. Atakapokwama ndipo karatasi ilipopungukiwa, warudi kuirekebisha. Hapo mna njia ya kazi inayojulikana. Huwezi kuboresha kazi ambayo kila mtu anaifanya kivyake na haijaandikwa popote, maana hutajua umeboresha kutoka wapi.

Kuna jambo jingine kuhusu Mzee ambalo barua yako imelitaja ukapita. Hana cheti. Hebu vaa viatu vyake: vijana wanakuja na makaratasi ya chuo, bosi anarudi na cheti cha semina, ukuta umejaa maneno, na yeye ujuzi wake wote umo mikononi. Kila karatasi inayoingia karakana anaiona kama barua ya kumwondoa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya, penye pengo anaelekezwa, akifaulu anapewa cheti. Kampuni imlipie gharama na impe siku za kwenda. Usimpelekee kama adhabu, yaani "ukapimwe". Mpelekee kama haki iliyochelewa. Kumhamisha sehemu nyingine, kama ulivyouliza, kungewapa vijana nafasi ya kufunga springi vibaya kwa uhuru.

Sasa binti na tatizo lake. Mpe la stoo, lilelile alilolivumbua, ila sasa liwe rasmi na liwe na mipaka. Mipaka uiandike wewe: anaweza kubadilisha mpangilio wa rafu, daftari la kutolea vifaa, ratiba ya ufunguo, orodha ya vipuri vinavyowekwa tayari kabla gari halijafika. Hawezi kubadilisha chochote kinachogusa breki, usukani, springi au nati za tairi bila saini ya fundi husika. Mipaka hii inamlinda yeye kuliko inavyomfunga, na mafundi wakiiona watapumua.

Afanye jaribio dogo. Kwa mfano, dereva anapotoka mbugani apige simu mapema aseme gari lina dalili gani, vipuri vinavyodhaniwa vitolewe mchana mhasibu akiwepo, viwekwe kwenye kisanduku chenye namba ya gari. Au ufunguo wa pili ukae kwako na kila kinachotoka usiku kisainiwe na watu wawili. Achague moja, alijaribu kwa magari machache kwa wiki mbili, apime kusubiri kabla na baada. Likishindikana aandike kwa nini, ajaribu lingine. Jaribio lililoshindwa na likaandikwa vizuri lihesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, na uliseme hilo mbele ya wote, kwa sababu wanagenzi wengi wanaogopa kushindwa kuliko wanavyoogopa bosi. Mhasibu naye ahusishwe tangu siku ya kwanza, asije akawa Mzee wa pili.

Wewe kazi yako ni dakika 15 kila wiki, umesimama na binti mbele ya ubao, unauliza: ulitarajia nini, kimetokea nini, umejifunza nini, hatua inayofuata ni ipi. Usimpe majibu. Akihitaji kitu kutoka ofisini, wewe ndiye unayekwenda kukidai. Akitaka kutangaza matokeo yanayomgusa mtu, mtu huyo aambiwe kwanza, ana kwa ana, na wewe ukiwepo. Hizo dakika 15 ndizo mafunzo yenyewe ya kuongoza. Ukiziacha kwa sababu magari ni mengi, rudisha ubao dukani.

Na kuhusu magari kuwa mengi: mnabadilisha mambo katikati ya msimu, watu wamechoka, wanapata usingizi wa saa nne tu. Kati ya Juni na Oktoba kusanyeni taarifa na mfanye mabadiliko madogo kama hilo la stoo. Kuhamisha vituo, kupanga upya vifaa, kuandika karatasi za kazi zote, subirini mvua za masika, Aprili na Mei, magari yakiwa yamelala uani na mafundi wanatafuta cha kufanya.

Mawazo kumi kwa mwezi yafutwe. Ukidai kumi utaletewa feni na chai ya saa kumi, umeshaletewa. Ile zawadi ya 20,000 nayo inawafanya vijana watatu waanze kufichana badala ya kusaidiana, na inawaambia mafundi kwamba akili ya kulipwa ni ya wanagenzi tu. Wazo litoke kwa yeyote, hata mlinzi wa geti. Ahadi ya kampuni iwe moja: kila wazo litajibiwa ndani ya wiki, na likikataliwa mwenye nalo aambiwe sababu. Nimeona watu wakivumilia kukataliwa. Kupuuzwa hawakuvumilia. Fedha hizo bosi akitaka kuzitumia, aongezee posho, maana mtoto anayekaa karakana hadi saa tatu usiku anarudi nyumbani kwa bodaboda.

S tano za ukutani sina ugomvi nazo. Hospitali zetu zimekuwa nazo tangu Mbeya ilipoanza mwaka 2007, na ukifika sehemu zinazozifuata utaona tofauti hata kwenye kabati la dawa. Lakini zile za kwenu zimepakwa kabla ya mtu yeyote kusasambua chochote. Anzeni na meza moja ya spana, iliyo karibu na Mzee, na yeye ndiye aamue kipi kinatoka.

Wale wanagenzi wengine wawili usiwasahau. Wameandika upuuzi kwa sababu waliombwa upuuzi. Mmoja amshike mkono binti kwenye upimaji, mwingine akae na Mzee kwenye karatasi ya springi, kisha wabadilishane. Na lile jina la "Afande Saa" likome, wewe ndiye wa kulikomesha, kwa kulisema mara moja kwa sauti kavu, bila kikao.

Kwa binti mwenyewe, muite umwambie mambo mawili waziwazi. Kwamba vipimo vyake vya stoo ni sahihi na vitafanyiwa kazi. Na kwamba ule mstari wa springi ulikuwa na pengo, kwa sababu hakumuuliza anayeifanya kazi, na hilo ni kosa la mafunzo mliyompa. Mweleze mpango mpya, kisha mwachie aamue. Mwalimu wake wa chuo mjulishe, aje aone, na maboresho haya yaingie kwenye daftari lake la mafunzo kwa vitendo kama kazi iliyopimwa. Hapo hatakuwa anafanya kitu cha pembeni cha kumfurahisha bosi.

Umeniuliza pia, kwa chini chini, ufanye nini kama bosi atashikilia Mzee apumzishwe. Nenda na bosi hadi kwenye gari. Mkae wawili, Mzee akifunga springi, mumuangalie mwanzo hadi mwisho, kisha umuulize bosi ni nani atakayefanya kazi hiyo mwezi ujao na wageni wameshalipia. Usipeleke hoja nyingine. Akiona na bado akakataa kuondoa ile picha na kuyasema yale ya stoo, basi usimng'ang'anize binti abaki. Msaidie kwa mwalimu wake apate karakana nyingine hapahapa Arusha au Moshi, umwandikie barua inayoeleza alichopima na kilichogundulika, aende nayo pamoja na daftari lake.